SAFARI YA BARABARA HUKO JAPANI: WAGENI WANAPITA, KIJIJI KINAPATA NINI?



Bila shaka umewahi kuona gari la watalii likipita kijijini. Vumbi linatimka. Watoto wanakimbia na kupunga mikono. Halafu gari limekwenda zake. Wageni wanakwenda kulala kwingine na kula kwingine, na fedha zao wanakwenda nazo. Kijijini hubaki vumbi tu.

Leo tutazungumza habari za vijiji vya mbali sana, huko Japani. Vijiji hivyo navyo vilikuwa na shida hiyo hiyo. Tutafuata barabara moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Tutaona milima, tutaoga maji ya moto yanayotoka ardhini, na tutalala katika hoteli nzuri. Lakini tusiangalie milima tu. Tuangalie pia wanakijiji walifanya nini hata msafiri akasimama, akashuka, akanunua na akalala.

BARABARA YENYEWE

Japani ni nchi ya visiwa, mashariki ya bara la Asia. Visiwa vikubwa ni vinne. Kisiwa cha tatu kwa ukubwa kinaitwa Kyushu, nacho kiko upande wa kusini-magharibi. Safari yetu inaanza katika mji wa Beppu, pwani ya mashariki ya Kyushu. Inapanda milimani, inapita Yufuin, Kurokawa na Aso, halafu inashuka magharibi hadi mji wa Kumamoto. Njia yote ni karibu kilometa 150.

Kwa gari, ungeweza kuimaliza kwa nusu siku. Lakini wasafiri wengi huichukua siku mbili au tatu. Kwa nini? Kwa sababu kila baada ya mwendo mfupi kuna jambo la kumsimamisha mtu.

Sehemu ya milimani ya njia hii inaitwa Yamanami. Ilifunguliwa mwaka 1964. Zamani wenye magari walilipa ushuru kupita hapo. Tangu mwaka 1994 hupita bure. Mahali pa juu kabisa ni zaidi ya meta 1,300 kutoka usawa wa bahari. Wakati wa baridi theluji huanguka na barabara huteleza kama sabuni. Wakati huo dereva hufunga minyororo kwenye magurudumu, au hutumia matairi ya theluji.

GARI NA SHERIA ZA NJIANI

Huko Japani magari hupita upande wa kushoto, na usukani uko kulia, kama kwetu Afrika Mashariki. Ndiyo maana magari mengi tunayoyaona Tanzania, Kenya na Uganda yalitumika kwanza Japani. Huko gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2. Ukaguzi huo una gharama kubwa. Basi watu wengi huona afadhali kuuza gari la zamani kuliko kulipia ukaguzi tena na tena. Magari hayo hupakiwa melini na kuletwa kwetu.

Sheria za barabarani ni kali. Katika barabara za kawaida, kama hakuna kibao kinachosema vingine, mwendo usizidi kilometa 60 kwa saa. Mbele ya reli, kila gari lazima lisimame, hata kama hakuna treni inayoonekana. Kila mtu lazima afunge mkanda, hata aliyekaa nyuma. Na pombe je? Dereva mlevi hufungwa au hutozwa faini kubwa. Hata abiria anayepanda gari huku akijua dereva amelewa, naye hushtakiwa. Na aliyempa dereva pombe, naye pia. Kwa hiyo hakuna wa kusema, "Mimi nilikuwa abiria tu."

BEPPU: MJI UNAOTOA MOSHI

Ukifika Beppu utadhani nyumba zinaungua. Moshi mweupe unapanda kila upande. Kumbe si moshi, ni mvuke. Chini ya mji huu ardhi ni ya moto sana. Maji ya mvua yanazama chini, yanachemshwa na joto la miamba, halafu yanarudi juu kama chemchemi. Beppu ina chemchemi za maji ya moto zaidi ya 2,000. Hakuna mji mwingine Japani wenye nyingi kama hizo.

Mabwawa mengine ni ya moto kupita kiasi, hayaogeki. Watu huyaita jehanamu. Bwawa moja ni la buluu kama bahari, na maji yake yanakaribia kuchemka. Lingine ni jekundu kama damu, kwa sababu udongo wake una madini ya chuma. Watu hulipa kiingilio kuyatazama tu.

Akina mama wa Beppu tangu zamani hupika kwa mvuke huo. Wanaweka mayai, viazi vitamu, mahindi na samaki katika chungu kilichojengwa juu ya tundu la mvuke, wanafunika, wanasubiri. Hakuna kuni, hakuna mkaa. Siku hizi mgeni naye hulipa kidogo akapika chakula chake mwenyewe. Hebu fikiri: jambo ambalo kwa mwenyeji ni la jikoni kila siku, kwa mgeni ni ajabu, tena ajabu analolipia.

YUFUIN: NG'OMBE MMOJA WA MTU WA MJINI

Kutoka Beppu tunapanda mlima, na baada ya kilometa 25 hivi tunafika Yufuin. Ni bonde lenye mashamba ya mpunga, na mlima Yufu umesimama juu yake.

Karibu mwaka 1970 watu wa Yufuin walikuwa na wasiwasi. Walikuja wenye fedha waliotaka kugeuza ardhi ya bonde kuwa viwanja vya michezo na majumba makubwa ya starehe. Wengine walisema, tuuze tupate fedha. Wengine walisema, tukiuza leo, kesho watoto wetu watakuwa vibarua katika ardhi ya babu zao. Wakajadiliana sana. Mwaka 1971 wenye nyumba za wageni watatu walifunga safari kwenda Ulaya, ikiwemo Ujerumani, wakakaa huko siku 50 hivi kutazama jinsi miji midogo ya huko inavyopokea wageni. Waliona miji yenye utulivu, miti mingi, na nyumba ndogo ndogo. Wakarudi na neno moja: uzuri wa Yufuin ni ukimya wake na mashamba yake. Tukiua mashamba, tumeua na utalii.

Lakini malisho yangebakije bila ng'ombe? Mfugaji maskini angeuza tu. Basi mwaka 1972 wakaanza mpango wa ajabu kidogo. Mtu wa mjini alitoa fedha za kununua ng'ombe mmoja. Mfugaji wa Yufuin alimfuga ng'ombe huyo katika malisho yake. Kila mwaka mwenye fedha alipelekewa mazao ya kijiji kama faida yake. Hivyo mfugaji alipata mtaji, malisho yakabaki malisho, na mtu wa mjini akapata sababu ya kuja kumtembelea "ng'ombe wake".

Yufuin ya leo ina wageni wengi mno, na njia yake kuu imejaa maduka. Si kila mtu anafurahia jambo hilo. Lakini mashamba na malisho bado yapo.

MVUKE UNAOWASHA TAA

Tukiendelea tunaingia wilaya ya Kokonoe. Hapa kuna daraja la kamba za chuma la kupita kwa miguu. Urefu wake ni meta 390, na chini yake kuna bonde lenye kina cha meta 173. Lilifunguliwa mwaka 2006. Halivushi magari. Halmashauri ya mji ililijenga ili wageni wasimame, watazame maporomoko ya maji, na walipe kiingilio. Ukilipita linayumba kidogo. Wenye hofu hushika ukingo na kutazama mbele tu.

Katika milima ya hapo kuna mtambo wa Hatchobaru, ambao ni mkubwa kuliko mitambo yote ya umeme wa mvuke wa ardhini huko Japani. Sehemu ya kwanza ilianza kazi mwaka 1977, na ya pili mwaka 1990. Mtambo una nguvu ya kilowati 110,000. Mvuke unatolewa ardhini kwa mabomba marefu, unazungusha magurudumu ya mashine, mashine inatoa umeme.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Huko Olkaria, karibu na Naivasha katika Kenya, umeme wa namna hiyo ulianza mwaka 1981. Leo Kenya imeipita Japani kwa umeme wa mvuke wa ardhini. Basi tusidhani kila maarifa yako ng'ambo tu.

KUROKAWA: KIJIJI KIZIMA NI HOTELI MOJA

Jua linapokaribia kutua tunafika Kurokawa. Hapa ndipo tutakapolala. Ni kijiji kidogo katika bonde jembamba lenye mto. Kina nyumba za wageni karibu 30, nyingi za mbao na kuta za udongo, zimejificha katikati ya miti. Usiku taa zake ni hafifu, na unasikia mto tu.

Lakini kijiji hiki nusura kife. Barabara ya Yamanami ilipofunguliwa mwaka 1964, wageni walimiminika. Watu wakakopa fedha wakajenga. Baada ya miaka michache wageni wakapungua. Walikuwa wanapita tu kwenda mahali penye sifa zaidi. Madeni yakabaki. Vijana wakaondoka kwenda mijini.

Kulikuwa na mtu mmoja, Goto Tetsuya, wa nyumba ya wageni iitwayo Shinmeikan. Yeye alijiuliza: mgeni wa mjini anatafuta nini huku milimani? Akaona hatafuti majumba, maana majumba anayo kwao. Anatafuta msitu, mwamba na ukimya. Basi akachukua nyundo na tindo, akaanza kuchimba mwamba nyuma ya nyumba yake ili atengeneze bafu ndani ya pango. Alichimba kwa mkono miaka mitatu na nusu. Kisha akaleta miti ya kawaida ya mlimani, akaipanda kuzunguka nyumba. Wenzake hawakumwelewa. Lakini wageni walianza kuja kwake, wakati nyumba za wengine ni tupu.

Hatimaye wenzake wakamwendea. Yeye naye hakuficha siri. Aliwafundisha kutengeneza mabwawa ya kuogea ya nje, penye mawe na miti. Nyumba nyingi zikafanya hivyo. Lakini nyumba mbili hazikuwa na nafasi ya bwawa la nje. Sasa wafanyeje? Wawaache wenzao wafilisike?

Hapo ndipo chama chao kilipotoa uamuzi. Mwaka 1986 walitengeneza cheti cha kipande cha mbao cha mviringo, kilichokatwa kwenye mti wa sehemu hiyo na kutiwa kamba. Mgeni anakinunua, na kwa cheti hicho anaweza kuoga katika nyumba tatu zozote atakazo, hata kama hakulala hapo. Mgeni wa nyumba isiyo na bwawa anakwenda kuoga kwa jirani. Fedha za vyeti hugawanywa: sehemu kwa nyumba aliyooga, na sehemu kwa chama. Za chama hutumika kupanda miti na kutengeneza kijiji.

Walifanya na jambo jingine gumu. Kila nyumba ilikuwa na mabango yake ya matangazo njiani, kila mmoja akitaka lake liwe kubwa. Wakakubaliana kuyang'oa yote, yapatayo 200, na kuweka vibao vya aina moja vya pamoja. Wakasema: kijiji chetu ni hoteli moja. Njia zetu ni korido za hoteli, na nyumba zetu ni vyumba vyake.

Tangu hapo wageni walirudi, na jina la Kurokawa likajulikana nchi nzima.

NAMNA YA KUKAA KATIKA NYUMBA YA WAGENI

Nyumba ya wageni ya kienyeji huitwa ryokan. Ina desturi zake.

Kwanza, viatu huvuliwa mlangoni. Ndani unapewa ndara. Ukifika kwenye chumba chenye mikeka, hata ndara unavua. Mikeka hiyo huitwa tatami. Hushonwa kwa majani mithili ya ukindu, na ni minene kama godoro jembamba.

Pili, chumbani hakuna kitanda. Kuna meza fupi, na mtu huketi chini. Usiku godoro hutolewa kabatini na kutandikwa juu ya mikeka. Asubuhi hukunjwa. Mgeni hupewa vazi jepesi la pamba mfano wa kanzu iliyo wazi mbele. Hufungwa kwa mkanda, upande wa kushoto juu ya upande wa kulia. Ukikosea ukaweka kulia juu, wenyeji watashtuka, kwa kuwa hivyo ndivyo wanavyomvika maiti.

Tatu, kuoga. Wanaume wana bafu lao na wanawake lao. Watu huingia uchi, bila nguo yoyote. Kwa wengi wetu jambo hili ni zito, na haya ni haki ya mtu. Ndiyo sababu nyumba nyingi zina bafu dogo la kukodi kwa familia, mlango unafungwa. Jambo la kukumbuka ni hili: bwawa si la kujisugulia. Kwanza unakaa kwenye kigoda kidogo, unajisugua kwa sabuni, unajimwagia maji mpaka povu lote liishe. Ndipo unaingia bwawani kupumzika. Taulo haliingizwi majini. Kwa kuwa maji ni ya watu wote, kila mtu huyatunza. Usikae muda mrefu, hasa kama una ugonjwa wa moyo au umekunywa pombe, maana utapata kizunguzungu.

Nne, chakula. Bei huhesabiwa kwa kila mtu, siyo kwa chumba, na kwa kawaida ndani yake mna chakula cha jioni na cha asubuhi. Chakula huja katika visahani vingi vidogo: samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi, mboga za mlimani, uyoga, wali, mchuzi wa maharagwe ya soya, na nyama ya ng'ombe wekundu wa Aso. Katika mkoa wa Kumamoto watu hula pia nyama ya farasi, tena mbichi. Usishangae. Kila watu na mila zao. Kama kuna kitu huli kwa dini au kwa afya, mwambie mwenyeji siku unapoagiza chumba, siyo wakati sahani ziko mezani. Mpishi ameshanunua vitu vyake.

Tano, bakshishi haitolewi. Mhudumu ukimpa atakurudishia. Lakini kuna kodi ndogo ya kuoga, kwa kawaida yeni 150 kwa mtu. Fedha hizo huenda kwa halmashauri ya mahali hapo.

ASO: WATU WANAISHI NDANI YA SHIMO LA VOLKANO

Asubuhi tunaondoka Kurokawa. Baada ya nusu saa hivi tunafika ukingoni, mahali panapoitwa Daikanbo. Hapa kila gari husimama.

Tazama chini. Unaona bonde la mviringo, pana mno. Hilo ni shimo lililobaki baada ya volkano kulipuka vibaya na juu yake kuporomoka. Mlipuko mkubwa wa mwisho ulikuwa miaka karibu 90,000 iliyopita. Kutoka kaskazini mpaka kusini ni kilometa 25, na kutoka mashariki mpaka magharibi ni kilometa 18. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka Ngorongoro. Ngorongoro nayo ilitokea kwa namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba ndani ya Ngorongoro kuna nyati, simba na vifaru. Ndani ya Aso kuna watu, mashamba ya mpunga, shule, hospitali na reli.

Katikati ya bonde kuna milima mitano. Mmoja, Nakadake, bado unatoa moshi hadi leo. Barabara inafika karibu na mdomo wake. Lakini hapa mzaha hautakiwi. Mwaka 1958 mlima ulitupa mawe ghafla, watu 12 wakafa. Mwaka 1979 wakafa watatu. Mwaka 1997 wageni wawili walikufa kwa kuvuta hewa yenye sumu. Ulilipuka tena mwaka 2016 na mwaka 2021. Kwa hiyo wamejenga vibanda vya zege imara vya kukimbilia mawe yakianguka. Hewa hupimwa kila siku. Ikiwa mbaya, njia hufungwa. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo haruhusiwi kukaribia hata siku hewa ikiwa nzuri. Mgeni aliyetoka mbali huona uchungu akikuta njia imefungwa. Lakini mlima hauna haya na mgeni wala mwenyeji. Akirudishwa, ashukuru.

MOTO WENYE MPANGO

Kando ya milima hiyo kuna nyika kubwa ya majani, kama hekta 22,000. Ng'ombe wekundu na farasi hula humo. Wageni hudhani majani hayo yameota tu yenyewe. Sivyo. Yametunzwa na wakulima kwa muda wa miaka elfu moja na zaidi.

Kila mwaka, mwezi wa Februari na Machi, wanakijiji huchoma nyika hiyo. Moto huua vichaka na kupe, na majani mapya huota. Wasipochoma, baada ya miaka michache nyika itageuka pori, na malisho yatakwisha.

Lakini tuelewane vizuri. Huu si moto wa kuchoma ovyo. Ardhi ni ya vijiji kwa pamoja, na kila sehemu ina chama chake cha malisho. Miezi kadhaa kabla, watu hufyeka njia pana za kuzuia moto. Siku huchaguliwa kwa kuangalia upepo. Kila mtu ana nafasi yake na zana zake. Kila moto una mwenyewe mpaka uzimike. Hata hivyo kazi ni ya hatari.

Shida yao leo ni mikono. Wazee ni wengi, vijana wamekwenda mijini, na idadi ya watu wa Japani imekuwa ikipungua tangu karibu mwaka 2008. Vijiji vingine haviwezi tena kuchoma vyenyewe. Basi watu wa mijini huja kujitolea. Hufundishwa kwanza, ndipo husaidia kufyeka na kulinda moto. Mwaka 2013 shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, FAO, liliuweka ukulima wa Aso katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani.

TETEMEKO LA MWAKA 2016

Usiku wa tarehe 14 Aprili 2016 ardhi ilitetemeka katika mkoa wa Kumamoto. Watu walidhani yamekwisha. Usiku wa kuamkia tarehe 16 likaja jingine kubwa zaidi. Watu 50 walikufa kwa kuangukiwa na nyumba na kwa maporomoko ya udongo. Wengine zaidi ya 200 walikufa baadaye kwa maradhi na taabu za kukimbia makwao. Kando ya Aso upande wa mlima uliporomoka, na daraja kubwa likaanguka. Barabara na reli zikakatika. Lango la kale la hekalu la Aso likalala chini kama mtu aliyepiga magoti.

Wageni wakakoma. Nyumba za wageni zilizokuwa nzima nazo zikakosa mapato, maana njia haikuwepo. Reli na barabara kuu zilifunguliwa tena mwaka 2020. Daraja jipya, lenye urefu wa meta 525, lilifunguliwa Machi 2021. Lango la hekalu lilimalizika Desemba 2023. Hapa tunaona kwamba kijiji kinachotegemea wageni peke yao kinaweza kulala na njaa siku moja tu baada ya msiba. Wenye mpunga wao na ng'ombe wao walikuwa na pa kushika.

KITUO CHA BARABARANI

Kabla ya kushuka Kumamoto tusimame kidogo katika kituo cha barabarani. Kwa Kijapani huitwa michi no eki. Mwaka 1990 katika mkutano mmoja, mkulima aliuliza: treni zina stesheni, kwa nini barabara zisiwe na stesheni zake? Neno hilo likashikwa. Mwaka 1993 vituo vya kwanza viliandikishwa. Leo viko zaidi ya 1,200 nchi nzima.

Kituo lazima kiwe na mahali pa kuegesha magari na vyoo, vyote bure, mchana na usiku. Lazima pia kiwe na habari za njia. Msafiri anasimama kwa ajili ya choo. Lakini pembeni ya choo kuna nini? Kuna soko la wakulima!

Asubuhi mkulima analeta mboga, mayai, mchele, asali au mikate. Anapanga bei yake mwenyewe. Anabandika karatasi yenye jina lake na bei. Halafu anarudi shambani. Kituo kinamwuzia, kinakata sehemu yake, na kinampa hesabu. Kilichobaki jioni anakichukua. Mzee wa miaka 75 mwenye bustani ndogo naye anauza, hata kama ana matango kumi tu. Na mnunuzi anajua tango hili limelimwa na nani. Mkulima akiuza kitu kibovu, aibu ina jina lake.

Fikra hii inafanana na ile iliyotoka mkoa wa Oita, ambamo mna Beppu na Yufuin. Mwaka 1961 wakulima wa Oyama waliamua kupanda miti ya matunda yenye bei, wakisema fedha zake zitawafikisha hata Hawaii kutembea. Mwaka 1979 gavana wa Oita, Hiramatsu Morihiko, alianzisha mpango wa kila kijiji kuchagua zao lake moja la sifa. Mpango huo umefika mpaka Afrika. Malawi waliuanza mwaka 2003, na Kenya nao wakafuata.

TUJIFUNZE NINI?

Japani ni nchi tajiri, na barabara zake ni za lami. Hatuwezi kunakili kila kitu. Lakini mambo manne hayahitaji utajiri.

Moja: jambo la kawaida kwako laweza kuwa ajabu kwa mgeni. Beppu waliuza mvuke wa jikoni.

Mbili: majirani wakishindana kwa mabango, wote hupoteza. Kurokawa waling'oa mabango yao, wakawashika mkono wenzao wawili wasio na bwawa.

Tatu: ardhi ikishauzwa hairudi. Yufuin walijadiliana kabla ya kuuza, siyo baada.

Nne: choo safi kando ya barabara ni biashara. Msafiri akisimama, atanunua ndizi. Asiposimama, ndizi zitaiva na kuoza mbele ya macho yetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Magari ya wageni yakipita kwetu, yanasimama wapi? Kama hayasimami, ni kwa nini?

2. Watu wa Kurokawa waligawanaje fedha za cheti cha mbao? Je, kikundi chetu kingeweza kukubaliana hivyo bila ugomvi?

3. Kuchoma nyika kwa mpango wa Aso kuna tofauti gani na kuchoma ovyo?

4. Tetemeko la mwaka 2016 linatufundisha nini juu ya kutegemea pato la aina moja?

MAANA YA MANENO

Volkano: mlima unaotoa moto, moshi au mawe kutoka chini ya ardhi.

Chemchemi: mahali maji yanapotokea ardhini yenyewe.

Mtaji: fedha au mali ya kuanzia kazi.

Bakshishi: fedha za ziada anazopewa mhudumu.

Yeni: fedha ya Japani.